Mtama Wenye Njaa Ndio Unaokiita Kiduha

Kuna mashamba ya mtama Bahi, Chamwino na Kongwa, mkoani Dodoma, ambayo hunyauka huku udongo ukiwa bado na unyevu. Majani hupauka, shina hudumaa, na mwenye shamba huanza kuilaumu mvua. Wiki chache baadaye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, huchomoza kando ya mashina, kifupi, na viua vyake vyekundu, na hapo ndipo lawama humpata adui mwenyewe. Watu huingia shambani kung'oa. Kazi hiyo ina faida kwa msimu ujao, kwa sababu mmea mmoja wa kiduha huweza kuacha makumi ya maelfu ya mbegu. Kwa msimu uliopo, msaada wake ni mdogo. Hasara imekwisha kutokea chini ya ardhi, tangu siku ile mbegu ya kiduha ilipopokea molekuli chache kutoka kwenye mzizi wa mtama, ikaota.

Makala haya yanahusu siku hiyo. Hoja yangu ni kwamba Dodoma haitakipunguza kiduha kwa jembe peke yake, wala kwa mbegu bora peke yake, mpaka tukubali kwamba pambano lenyewe linaendeshwa na fizikia ya ishara: molekuli ni ngapi, zimetoka umbali gani, zimechukua muda gani, na zimeshikwa na kipokezi chenye umbo gani. Maswali hayo yanapimika. Na jibu lake la kwanza ni zito kwa wapanga bajeti: shamba lililochoka ndilo linaloita kiduha kwa nguvu zaidi, kwa hiyo samadi na mbolea kwenye mtama ni sehemu ya kinga. Tumezoea kuzihesabu kama anasa kwa zao la mkulima maskini, na hapo ndipo tunapokosea.

Mbegu ya kiduha ina urefu wa kama theluthi moja ya milimita. Akiba ya chakula iliyomo ni ndogo kiasi kwamba ikishaota ina siku chache tu za kuufikia mzizi wa kunyonya, na kimzizi chake hakirefuki zaidi ya milimita chache. Ikikosea, inakufa. Isipoota, inaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Swali lake ni moja: je, kuna mzizi hai umbali wa milimita chache kutoka hapa, sasa hivi? Mbegu haina macho wala neva za kulijibu. Ina vipokezi, yaani protini ndani ya seli zilizojikunja kwa umbo linaloshika molekuli ya aina fulani na kuziacha nyingine zipite.

Molekuli inayosubiriwa inatoka kwenye mizizi, nayo ni ya kundi liitwalo strigolaktoni. Ya kwanza kutambuliwa, strigoli, ilipatikana mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi hata kulinyonya. Kwa karibu miaka 40 jambo hili liliwasumbua wanasayansi. Kwa nini mmea utoe kitu kinachomwamsha adui? Jibu lilikuja mwaka 2005, Kohki Akiyama na wenzake wa Japani walipoonyesha kwamba strigolaktoni huwaita kuvu wa maikoriza, wale wanaoungana na mizizi na kuiletea fosforasi kutoka sehemu za udongo ambazo mzizi wenyewe haufiki. Mwaka 2008 makundi mawili ya watafiti yakagundua kazi nyingine tena: ndani ya mmea, strigolaktoni ni homoni inayozuia matawi yasichipue ovyo. Basi mtama hauwezi kunyamaza. Wito ule ule unaomleta rafiki ndio unaosikilizwa na mwizi, na mmea unaouzima kabisa unajinyima kuvu na kuharibu mpangilio wa mwili wake.

Hapa ndipo njaa inapoingia. Mimea hutoa strigolaktoni nyingi zaidi inapokosa fosforasi, na kwa mtama imeonekana hivyo pia unapokosa naitrojeni. Ni jambo la busara kwa mmea: ukishiba, hauhitaji kuvu sana, ukiwa na njaa, unaongeza wito. Lakini chukua hali hiyo uiweke kwenye udongo wa kichanga wa Kanda ya Kati, uliolimwa mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa chochote, wenye mbegu za kiduha zilizorundikana kwa misimu mingi. Kila mzizi wa mtama katika shamba hilo unaita kwa nguvu zake zote. Wakulima wamejua muda mrefu kwamba kiduha hupenda mashamba yaliyochoka. Sayansi ya ishara inaeleza kwa nini, na maelezo hayo yanabadilisha namna ya kuipima faida ya mbolea. Mbolea inailisha mimea, hilo tunalijua. Inapunguza pia sauti inayosikika na adui.

Sasa tuifuate molekuli yenyewe. Ikitoka kwenye mzizi haisukumwi na chochote kuelekea kwenye mbegu. Inagongwa na molekuli za maji kila upande, inayumba, inarudi, inaenda. Einstein alieleza mwaka 1905 sheria ya mwendo huu: muda unaohitajika huongezeka kwa mraba wa umbali. Umbali ukiwa mara 10, muda unakuwa mara 100. Kwa molekuli ya ukubwa huu katika maji yaliyotulia, milimita 3 huchukua saa mbili na nusu hivi. Sentimita moja huchukua zaidi ya siku nzima. Sentimita 10 huchukua karibu miezi minne, yaani msimu mzima wa mvua wa Dodoma. Katika udongo mambo ni ya polepole zaidi, kwa sababu njia ina kona nyingi kati ya chembe za mchanga na molekuli hunasa njiani.

Tena strigolaktoni si imara. Kiungo chake kimoja huvunjika chenyewe kikikaa majini, na vijidudu vya udongo huharakisha kazi hiyo. Unganisha mambo hayo mawili, mwendo wa polepole na uhai mfupi, na utaona kwamba molekuli inayofika kwenye mbegu ikiwa nzima inabeba habari mbili kwa pamoja. Inasema kuna mzizi hai, na inasema mzizi huo uko karibu. Molekuli imara, inayodumu miezi udongoni, ingeiamsha mbegu kwa ajili ya mtama wa mwaka jana. Udhaifu wa molekuli hii ndio unaoifanya iaminike, na kwa maoni yangu hakuna mfano mzuri zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba fizikia imo ndani ya uhai wenyewe.

Watu wachache wanajua kwamba fizikia hii imekwisha kuleta mbegu mpaka mikononi mwa mkulima wa Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Gebisa Ejeta, mtaalamu wa uzalishaji wa mbegu mzaliwa wa Ethiopia, pamoja na Dale Hess na Larry Butler, walichapisha mwaka 1992 kipimo kilichokuwa rahisi ajabu. Walichukua sahani yenye uji mgumu wa aga, wakatawanya ndani yake mbegu za kiduha zilizoandaliwa kwa unyevu, wakaweka mbegu moja ya mtama inayochipua. Baada ya siku chache walitazama kwa hadubini na kupima kwa rula: mbegu ya kiduha iliyoota mbali kabisa na mzizi iko milimita ngapi? Mtama unaoita sana huamsha mbegu za mbali. Mtama unaoita kidogo huamsha zile za karibu tu, chini ya milimita 10. Kipimo kizima kinategemea ile sheria ya mraba. Umbali ndio ulikuwa kipimo cha ishara, katika miaka ambayo kupima molekuli zenyewe kulihitaji mitambo ya gharama kubwa.

Kwa njia hiyo walichagua mitama inayoita kidogo na kuizalisha kizazi kwa kizazi. Miwili kati yake ilipitishwa rasmi Tanzania mwaka 2002 kwa majina ya Hakika na Wahi. Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Na mwaka 2017 ndipo jeni inayohusika, LGS1, ilipotangazwa. Mtama wenye LGS1 nzima hutoa kwa wingi strigolaktoni iitwayo 5-deoksistrigoli, ambayo kiduha hushtuka nayo sana. Jeni hiyo ikipotea, mtama hutoa zaidi orobankoli, molekuli ya ukoo ule ule ambayo sehemu ya umbo lake imegeukia upande mwingine. Mtama bado unaita. Umebadilisha umbo la wito, na vipokezi vya kiduha havilishiki vizuri umbo hilo. Yaani mbegu ya Hakika aliyonunua mkulima wa Dodoma ni suluhisho la maumbo, la molekuli kukaa au kutokaa kwenye tundu la protini.

Nadhani inafaa tuingie kwenye tundu hilo, kwa sababu ndani yake kuna onyo.

Mbegu za kiduha huweza kuitikia strigolaktoni katika ukolezi wa pikomola. Tuseme hilo kwa hesabu. Pikomola moja ni molekuli bilioni 600 katika lita ya maji, na zinaonekana nyingi mpaka ukumbuke udogo wa mbegu. Katika ujazo wa maji unaolingana na mbegu moja ya kiduha zimo molekuli elfu mbili hivi. Katika ujazo wa seli moja ya mmea yenye upana wa maikromita 20, molekuli tano. Hata tukikadiria kwamba kila mgongano kati ya molekuli na kipokezi unafaulu kwa kasi ya juu inayowezekana kwa protini nyingi, kipokezi kimoja kingengoja kama saa tatu kabla ya kupata molekuli yake. Kwa hiyo mbegu haiwezi kuamua kwa kutazama mara moja. Lazima ikusanye ushahidi kwa muda mrefu. Howard Berg na Edward Purcell walilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1977, wakizungumzia bakteria: usahihi wa kupima ukolezi mdogo una kikomo kinachowekwa na mwendo wa kubahatisha wa molekuli, na njia ya kukisogeza kikomo hicho ni kupima kwa muda mrefu zaidi. Walionyesha pia kwamba seli haihitaji kujaza uso wake wote vipokezi. Vikienea hata kwenye sehemu isiyofika moja ya elfu ya uso huo, hunasa nusu ya kile ambacho uso mzima ungenasa, kwa sababu molekuli inayokosa mara ya kwanza hurudi kugonga tena na tena.

Mwaka 2015 ulikuwa mwaka mkubwa kwa kiduha. Watafiti wa Toronto walionyesha kwamba kiduha cha aina ya Striga hermonthica, kile chenye maua ya zambarau kinachosumbua Kanda ya Ziwa, kina vipokezi 11 vya familia moja, na kimojawapo, kilichopewa jina ShHTL7, kikipandikizwa kwenye mmea mwingine wa maabara huufanya uitikie ukolezi wa pikomola. Kundi la Nagoya, Japani, lilitengeneza molekuli inayotoa mwanga wa kijani pale kipokezi kinapoikata, wakatazama mwanga huo ukisambaa kama wimbi ndani ya mbegu inayoamka. Na kundi la tatu likafuatilia nasaba ya jeni hizi, likakuta kwamba zimetokana na jeni ya zamani ambayo katika mimea mingi hutambua kemikali za moshi, zile zinazoziambia mbegu kwamba moto umepita na ardhi iko wazi. Babu wa kiduha aliirudufu jeni hiyo mara nyingi, nakala zikabadilika, tundu la protini likapanuka, na kilichokuwa kipokezi cha moshi kikawa kipokezi cha mizizi ya jirani.

Kipokezi hiki kina tabia isiyo ya kawaida. Ni kimeng'enya pia. Kikishaishika strigolaktoni huikata, na kipande kimoja hubaki kimeshikamana na asidi amino ya histidini ndani ya tundu. Protini inabadilika umbo, inakumbatiana na protini nyingine iitwayo MAX2, na kwa pamoja huiwekea alama ya kuangamizwa protini ya tatu, SMAX1, ambayo kazi yake yote ilikuwa kuizuia mbegu isiote. Seli ina mtambo wa kuvunjavunja protini zenye alama hiyo. SMAX1 ikiisha, jeni zilizokuwa zimefungwa hufunguka na mbegu huota. Ishara hapa inafanya kazi kwa kuondoa breki.

Wataalamu wanabishana kuhusu hatua moja. Wengine wanasema kukatwa kwa molekuli ndiko kunakokiwasha kipokezi. Wengine, wakiwemo watafiti wa Japani walioandika mwaka 2019, wanasema molekuli nzima ndiyo inayokiwasha na kuikata ni namna ya kuizima ishara. Mimi navutiwa na upande wa kwanza kwa kiduha, kwa sababu ya ile hesabu ya kungoja: kipokezi kinachobaki na kipande cha molekuli kinakumbuka kwamba kilikutana nayo, na mbegu inayokusanya ushahidi wa nadra inahitaji kumbukumbu. Lakini hesabu yangu si ushahidi wa maabara. Kinachoonekana wazi ni kwamba kipokezi hicho kikipimwa peke yake nje ya seli, mshiko wake kwa strigolaktoni hautoshi kueleza usikivu wa mbegu nzima. Usikivu unatoka kwenye mfumo: vipokezi vingapi, breki kiasi gani, MAX2 iko karibu namna gani.

Linganisha na jicho la binadamu. Seli ya jicho inayofanya kazi gizani inaweza kuitikia fotoni moja ya mwanga. Majaribio ya Hecht, Shlaer na Pirenne ya mwaka 1942 ndiyo yaliyotufikisha kwenye hitimisho hilo. Molekuli moja ya rodopsini, protini inayopokea mwanga jichoni, ikipigwa na mwanga huwasha makumi ya protini zinazofuata, kila moja ikaendeleza, na ishara ikakua ndani ya sehemu ya sekunde. Tatizo la mfumo wa namna hiyo ni joto. Molekuli zote mwilini zinatikiswa bila kupumzika, na mara chache rodopsini hujiwasha bila mwanga wowote. Kwa molekuli moja tukio hilo hutokea mara moja katika mamia ya miaka, lakini seli moja inazo takriban milioni 100, kwa hiyo kila baada ya dakika mbili au tatu kuna fotoni ya uongo. Ubongo huvumilia, kwa kuwa unalinganisha seli nyingi. Mbegu ya kiduha haiwezi kuvumilia hata mara moja, kwa maana kuota bure ni kifo. Ndiyo maana naona ustadi wake mkubwa uko kwenye kutokosea kuliko kwenye kusikia. Inahitaji wiki moja hadi mbili za unyevu na joto kabla hata ya kuanza kuitikia, kisha inangoja breki ipungue vya kutosha.

Na hapo ndipo adui anaposhikika. Kiumbe kinachokufa kikidanganywa mara moja kinaweza kudanganywa. Marekani waligundua kiduha katika majimbo ya Carolina mwaka 1956, wakaingiza gesi ya ethilini kwenye udongo, gesi inayoamsha mbegu hizo pasipo mmea wa kunyonya. Zilikufa kwa mamilioni, na eneo lililoathirika likapungua sana. Lakini njia hiyo inataka matrekta, mitungi ya gesi na serikali yenye fedha ya kuendesha kazi hiyo kwa miongo. Mwaka 2018 kundi la Nagoya lilitangaza molekuli ya kutengenezwa inayoamsha kiduha katika ukolezi wa femtomola, mara elfu chini ya pikomola. Kwa ujazo wa mbegu moja, hizo ni molekuli mbili hivi. Na Burkina Faso, molekuli nyingine za aina hii, zilizo rahisi kutengeneza, zilinyunyiziwa kwenye mashamba ya wakulima kabla ya kupanda mtama na uwele, na kiduha kilichochomoza kikapungua kwa zaidi ya nusu. Ninaamini njia hii itafika kwetu. Itakapofika itahitaji unyevu wa siku kadhaa kabla ya kupanda, na kwa Dodoma yenye milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, mvua hizo za kwanza ndizo mkulima anazozikimbilia kupandia. Nani atamwambia asubiri, na kwa fidia gani? Swali hilo ni gumu kuliko kemia yake.

Turudi kwenye samadi, kwa sababu hiyo ipo leo. Serikali ilirejesha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, na ni jambo jema. Ila fikra za wengi wetu, wakulima kwa viongozi, bado ni kwamba mbolea ni ya mahindi na ya mikoa yenye mvua nyingi, huku mtama na uwele vikiachiwa udongo mtupu kwa kuwa ni mazao ya kuvumilia. Hoja ya kawaida ni kwamba ongezeko la mavuno ya mtama halilipi gharama ya mfuko. Hoja hiyo inahesabu kitu kimoja tu, chakula kilichoingia kwenye mmea. Katika shamba lenye kiduha hesabu inapaswa kuingiza pia wito uliopungua, mbegu za kiduha zilizobaki zimelala, na mbegu mpya ambazo hazikumwagika udongoni mwaka huo. Na Dodoma si mkoa wa kukosa samadi. Wagogo ni wafugaji wa tangu enzi. Kuna maboma yenye lundo la samadi ya miaka hatua chache kutoka kwenye mtama uliodumaa. Kinachokosekana mara nyingi ni mkokoteni, nguvu kazi, na mtu wa ugani anayeeleza sababu ambayo mkulima hajawahi kuisikia. Ningependa ruzuku ihesabu usafirishaji wa samadi kwenda kwenye mashamba ya kiduha kwa uzito ule ule inaohesabu mfuko wa chumvichumvi.

Nasema mtu wa ugani kwa makusudi. Kijana wa Kitanzania anayeelekea kwenye kilimo mara nyingi hupitia tahasusi ya CBG: kemia, baiolojia na jiografia. Fizikia anaiaga kidato cha nne, au hata kidato cha pili. Anafika chuoni akijua majina ya homoni, asijue kwa nini molekuli ichukue saa mbili na nusu kwa milimita tatu na miezi minne kwa sentimita kumi. Tunamnyima kifaa anachokihitaji shambani. Sisemi kila bwana shamba awe mwanafizikia. Nasema somo la mwendo wa molekuli, kufungamana kwa kipokezi na makosa yanayoletwa na joto linaweza kufundishwa kwa wiki chache, kwa mfano wa kiduha, kwa yeyote aliyefaulu hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa udaktari angelihitaji pia: takriban theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa duniani hufanya kazi kupitia familia moja tu ya vipokezi, ile iliyowapatia Robert Lefkowitz na Brian Kobilka Tuzo ya Nobel mwaka 2012, na sumu ya kipindupindu huua kwa kuigandisha swichi ya protini moja ya mfumo huo kwenye seli za utumbo ibaki imewaka.

Sasa lile onyo. Hakika na Wahi zimejengwa juu ya kubadilisha umbo la wito, na kiduha kina nakala nyingi za kipokezi, kila moja ikiwa na tundu tofauti kidogo. Kiumbe chenye makumi ya maelfu ya mbegu kwa mmea na nakala nyingi za jeni moja kina nafasi kubwa ya kupata mabadiliko yatakayoishika orobankoli. Kupanda mbegu hizo mwaka hadi mwaka kwenye udongo uliochoka, bila samadi, bila kubadilisha na kunde au karanga, ni kukipa kiduha muda wa kujifunza.

Kazi kubwa ya maabara niliyoieleza hapa, pamoja na ShHTL7 na ile molekuli ya femtomola, imefanywa juu ya Striga hermonthica. Kiduha chekundu kinachosumbua Dodoma ni Striga asiatica. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2019, na ndani yake familia ya vipokezi hivi imepanuka kwa namna yake yenyewe. Hatuwezi kudhani kwamba kinachoamsha kimoja kinaamsha kingine kwa ukolezi ule ule, wala kwamba mbegu za kiduha kutoka Bahi zinafanana na za Mpwapwa. Hapa kipimo cha sahani ya aga kinatosha kuanzia. Kinahitaji aga, chumba chenye joto la nyuzi 30 hivi, hadubini ya kawaida na rula. Kituo cha TARI Hombolo, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kipo nje ya mji kikishughulikia mtama na uwele. Chuo Kikuu cha Dodoma kiko kilimani na wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Ningeanza na mbegu za kiduha zilizokusanywa wilaya kwa wilaya, kila moja ikawekwa mbele ya Hakika, Wahi, Macia (aina nyingine ya mtama ulioboreshwa) na mitama ya kienyeji, mara moja kwenye mchanga wenye fosforasi na mara moja kwenye mchanga usio nayo, na milimita zikaandikwa kwenye jedwali ambalo afisa ugani wa Chamwino anaweza kulisoma kabla ya mvua za Desemba.